Chokaa Iliyokosa Usingizi

Vijana wangu wa mwiko na timazi, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi kutoka Ulaya, kila ninayekutana naye mjini Arua ananiuliza habari za theluji, za ndege, na kama ni kweli wazungu wanabeba mbwa kifuani. Theluji sikuiona, nilikwenda wakati wa joto, na jua la kule linachoma vilevile. Mbwa niliwaona, na ndiyo, wanabebwa. Hayo yamekwisha. Leo magoti yananiuma na mvua imenizuia kutoka, kwa hiyo nitawaeleza jambo moja tu nililoliona kule, katika matembezi ya muda usiozidi saa moja. Matembezi hayo yalinichosha kuliko miaka yote niliyobeba tofali.

Jambo lenyewe linamhusu mzee mmoja wa Koboko anayeitwa Taban. Wengi wenu hamumjui, na kutomjua kwenu kunatokana na mimi. Ndiye aliyenifundisha kazi ya kupiga lipu. Jina lake liliharibika Arua kwa kazi ya mikono yangu, nami nilinyamaza mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kwanza safari. Parokia moja ya mji mdogo wa Italia ina urafiki na parokia zetu za huku, wakaomba watu wanne waende kuwatembelea: mwalimu, muuguzi, mama mmoja kiongozi wa akina mama, na fundi. Fundi aliyechaguliwa kwanza alikosa pasipoti, basi wakanikumbuka mimi mstaafu. Mkalimani wetu alikuwa Sista Pia, mtawa wa Kiitaliano aliyewahi kutibu watu Arua miaka mingi kabla ya kurudi kwao kuzeeka. Kiswahili chake alikiokota wodini na sokoni, kwa hiyo mama mzima wa kizungu anasimama mbele ya jumba la kale na kukuambia, "Hii nyumba iko mzee sana." Nilijisikia niko nyumbani.

Siku ya tatu wakatutembeza mji wa kale. Mji uko juu ya kilima, umezungukwa na ukuta wa mawe, njia zake ni nyembamba kiasi kwamba majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Aliyetutembeza alikuwa mwanamama mwenye kofia ya majani na sauti ya kuchoka, anayeeleza habari zilezile kila siku kwa watu tofauti. Mwenzangu mwalimu alipiga picha minara. Muuguzi alihesabu ngazi na kulalamika. Mimi nilitazama kuta, kwa sababu fundi hata akistaafu macho hayastaafu. Kwenye pembe ya kanisa moja niliona lipu laini ajabu, nikatoa ufunguo wa nyumba yangu nikaikwaruza kidogo nijue ni ya nini. Mwanamume mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya njia.

"Candia," Sista Pia akaniambia taratibu, "hapana kwaruza kanisa ya watu."

Lakini nilikuwa nimeshajua. Ilikuwa chokaa. Unga uliobaki kwenye ufunguo ulikuwa mweupe, mwepesi, na ukiusugua kati ya vidole haukwaruzi. Nilikuwa sijaugusa unga wa namna hiyo tangu nilipoachana na Taban.

Niwaambie Taban alikuwa nani. Baba yake alikuwa fundi wa jeshi, alijenga na kupaka kambi hadi akazeekea humo, na mtoto akarithi mwiko pamoja na Kiswahili cha kambini. Taban ni Mwislamu asiyekosa sala, na hata hivyo amepaka makanisa mengi kuliko aliyowahi kuingia katekista yeyote. Watu wakimuuliza, alijibu kwamba ukuta hauna dini. Aliniokota tuliporudi kutoka ukimbizini Congo, mimi kijana wa Logiri ninayejua kufyatua tofali na kujisifu, basi. Mwaka mzima wa kwanza hakunipa mwiko. Nilichekecha mchanga. Nilipomwambia mchanga umekuwa safi, alitia konzi moja ya mchanga huo kwenye chupa yenye maji, akatikisa, akaiacha itulie, akanionyesha tope lililojitenga juu. Nikarudi kwenye chekeche.

Chokaa mbichi ilitufikia kwa lori, mawe meupe makavu kwenye magunia. Nyinyi mmezoea mfuko wa simenti, mnachana, mnamwaga, mnakoroga. Chokaa haitaki haraka hiyo. Unachimba shimo, unatia maji kwanza, halafu unatia mawe kidogo kidogo, ukisimama upande unakotoka upepo. Maji yanachemka bila moto. Ukifanya kinyume, ukamwaga maji juu ya rundo la chokaa huku umeinama kutazama, itakurukia machoni. Mimi niliinama. Taban aliniosha uso mpaka mtungi ukaisha, akaagiza mtungi mwingine, ukaisha, akahakikisha naona vidole vyake vyote, ndipo akanitukana mimi na ukoo wangu.

Ikishatulia unaifunika kwa maji na mchanga, unaiacha. Taban alisema inalala. Si usiku mmoja, ni miezi, na alikataa kabisa kuiamsha kabla ya wakati, maana isipolala shimoni itaamka ukutani. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, lipu inaota vipele na vipele vinapasuka. Iliyolala vizuri unaijua kwa mwiko: unauchomeka, ukitoka umeshika kitu laini kama karanga zilizosagwa na ufuta, ni tayari.

Simenti wakati ule ndiyo ilikuwa bibi harusi. Sisi vijana tuliipenda kwa ugumu wake na kwa kuwa inakauka kesho. Taban aliitumia kwa sakafu na msingi mpya, lakini kwenye kuta za zamani za tofali na udongo hakuitaka hata kijiko. Alisema ukuta wa namna hiyo unakunywa maji kutoka chini wakati wa mvua, kwa hiyo lazima uachwe utoke jasho. Mtu mgonjwa wa homa ukimvalisha koti la mvua, aliniuliza, atapona? Nilicheka. Niliwaigiza wenzangu kilabuni jinsi ukuta unavyojifuta jasho kwa leso, tukacheka wote.

Basi, tulikuwa tumefikia Aroi. Kulikuwa na kanisa la kigango huko, nyumba ndefu ya tofali zilizopangwa kwa udongo, iliyoachwa bila mlinzi watu walipokimbia. Paa jipya lilikuwa limewekwa, na kamati ikamwita Taban arudishe lipu. Tukachimba shimo, tukailaza chokaa. Wiki chache baadaye ujumbe ukafika kutoka Koboko kwamba dada yake amefariki. Akafunga kifurushi chake. Kabla ya kuondoka alinipeleka shimoni na kunionyesha kwa kidole.

"Hapana gusa hii," alisema. "Ngoja mimi."

Alikaa msibani mpaka arobaini ikapita. Huku nyuma kamati ikaanza kunijia, leo mmoja, kesho wawili, kwamba askofu anakuja kwa kipaimara na kuta ziko uchi. Hawakunilazimisha, nisiwasingizie. Ni mimi niliyetaka kuonekana. Kulikuwa na mifuko ya simenti iliyobaki ya sakafu. Nikapiga lipu ya simenti kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, huku juu nikatumia chokaa ileile isiyolala, kisha nikapaka maji ya chokaa kila mahali ili weupe uwe mmoja. Ilipendeza, msiniulize. Askofu alikuja, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapeana mikono na watu wazima.

Taban aliporudi nilimwambia chokaa iliiva mapema kwa sababu ya jua kali. Alikuwa bado na huzuni ya dada yake. Hakugonga ukuta wala hakuukagua. Aliniangalia tu akasema nimekuwa fundi, akaniachia ule mwiko wake mdogo wa kunyooshea pembe. Aliniamini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi sasa.

Mvua za miaka miwili ukuta ulistahimili. Mwaka wa tatu, mchana wa Jumatano, nyumba ikiwa tupu, upande wa kusini ulivimba tumbo ukaanguka juu ya mabenchi. Saa mbili tu baadaye kwaya ingekuwa imekaa pale. Kamati ikaita mkutano palepale kwenye kifusi. Mmoja akaokota kipande cha lipu ya juu, akakivunja kwa vidole, akasema hii ndiyo chokaa ya yule mzee, unga mtupu. Mwingine akasema wangetumia simenti tangu mwanzo. Hakuna aliyegeuza vipande vya chini kutazama rangi yake kwa nyuma. Taban alikuwepo, amesimama na kofia yake mkononi. Mimi nilikuwepo pia, na nilijua nilichofanya, lakini nilijiambia kwamba simenti yangu ndiyo iliyoushikilia ukuta hata ukafika mwaka wa tatu. Ujinga ukikutana na woga hupatana haraka sana.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena. Watu walimtaja kama yule mzee wa chokaa, kisha wakaacha kumtaja. Akarudi Koboko kulima muhogo na ufuta. Mimi nilipata kazi zake zote, nikapaka simenti kutoka Arua mpaka Vurra, nikafundisha baadhi ya waliowafundisha nyinyi. Kama mnajiuliza kwa nini nyumba fulani za zamani lipu yake inabanduka kila baada ya mvua na tunairudia na inabanduka tena, sasa mnajua mlikopata desturi hiyo.

Turudi kule kilimani. Tulikuwa tumekaribia mwisho wa matembezi, yule mwanamama wa kofia anatazama saa, tukapita mbele ya nyumba iliyowekewa majukwaa. Mafundi watatu walikuwa wanabandua lipu ya kijivu kwa patasi. Ilitoka vipande vikubwa, na nyuma yake tofali zilikuwa zimelowa na kuoza, zinamwagika chini kama pumba. Pembeni kulikuwa na pipa lililofunikwa, ndani maji, na chini ya maji kitu cheupe. Nilimwomba Sista Pia awaulize wanafanya nini. Fundi mkubwa, mwenye tumbo na kalamu sikioni, alieleza kirefu akigongagonga ukuta. Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye nasema hii nyumba ilikaa na chokaa tangu zamani ya mababu, hapana shida," akanitafsiria. "Halafu baba zao walipaka simenti. Maji iko ndani, hapana pata njia ya kutoka. Simenti ndiyo nakula ukuta."

Nilimwomba aulize na lile pipa. Akauliza, akacheka kidogo, akasema fundi anasema isiguswe, bado inalala.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu, wenzangu wakadhani ni joto, muuguzi akanipima mapigo ya moyo na mwanamama wa kofia akanipa maji. Waliendelea mbele kutazama uwanja wa mji na kisima maarufu ambacho mpaka leo sijui umaarufu wake ni nini. Mimi nilibaki nikitazama tofali zilizooza. Zilikuwa zimeoza kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile isiyo na mahali pa kuipeleka.

Niliporudi nilichukua wiki mbili kabla ya kwenda Koboko. Kila asubuhi nilipata sababu. Mwishowe mke wangu akaniuliza kama nangoja mzee afe ndipo niende kuomba radhi kaburini, nikavaa viatu.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, amekonda, jicho moja limefifia, lakini alinitambua kwa sauti. Aliniita kijana, mimi mwenye wajukuu. Tuliulizana habari za nyumbani kama inavyopasa, chai ikaja, nikainywa yote nikichelewesha. Kisha nikamweleza. Simenti, chokaa isiyolala, maji ya chokaa juu yake, uongo wa jua kali, na yale niliyoyaona Italia.

"Ulipaka mpaka wapi?" aliniuliza.

Nikagusa kifua changu. Akatazama mkono wangu pale ulipo.

"Mimi nilifikiri baba yangu alinifundisha vibaya," akasema.

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Kumbe miaka yote hiyo mzee hakuwa anawaza kamati wala Arua. Alikuwa anaurudia ule mchanganyiko kichwani, kiasi cha mchanga, siku za kulaza, akitafuta kosa lilipo, na alipolikosa akaliweka kwa marehemu baba yake. Akaniambia kwamba hakumfundisha hata mmoja wa watoto wake, maana aliona haya kuwarithisha kazi inayoweza kuua watu. Mimi nililia. Yeye hakulia.

Alipomaliza chai yake akaniuliza nimewaambia nani wengine. Nikasema nimemwambia yeye na mke wangu tu.

"Basi wewe bado hapana sema," akanijibu.

Alikuwa na haki. Lililoharibika mbele ya watu haliwezi kutengenezwa kwenye viti viwili. Jumapili iliyofuata nilikwenda Aroi, nikamwomba katekista nafasi wakati wa matangazo. Pale ilipokuwa nyumba ya zamani pana jengo jipya la bloku, na ndani watu wengi ni wa umri wenu. Nilisimama nikasema jina la Taban, nikasema la kwangu, nikasema ukuta ulianguka kwa sababu yangu. Baadhi walinisikiliza. Baadhi walitazama simu. Kamati ya wakati ule imebaki na mtu mmoja, naye masikio yake yameziba, alinipungia mkono kwa heshima akidhani nawasalimu. Nilikuwa nimebeba mzigo ule miaka zaidi ya thelathini, na nilipoutua haukutoa hata sauti. Katekista akaendelea na tangazo la kikao cha vijana.

Nje mama mmoja akanifuata. Ana nyumba ya mkwewe, ya tofali na udongo, ameipiga simenti mara tatu na mara tatu imebanduka. Alitaka kujua kama fundi huyo bado yuko hai, na kama atakubali kuja kuiangalia.

Sikungoja wiki mbili safari hii. Nilifika Koboko kesho yake nikamwambia Taban kuna kazi. Nyinyi mngemwona. Alikaa wima, akaanza maswali. Maji yanatelemka kutoka upande gani? Tofali zimechomwa vizuri au ni mbichi katikati? Paa linatokeza kiasi gani? Chokaa tutaipata wapi siku hizi, na nani atachimba shimo? Nilijibu niliyoyajua. Nikatoa ule mwiko wake mdogo kwenye mfuko wangu nikampa. Aliupokea kwa mkono wa kulia, akajaribu kuufumbata kwa vidole, na vidole havikufunga. Akajaribu tena kwa kuvisaidia na mkono wa kushoto. Mwiko ukaanguka mapajani mwake, naye akauacha hapo.

"Kazi imekuja," alisema. "Mkono imekwenda."

Nilimwambia nitashika mimi mwiko, yeye akae kwenye kiti aseme, na nikikosea anitukane kama zamani. Kuna vijana pia watakaotaka kujifunza, nikamwambia, nikiwafikiria nyinyi, na sasa mnajua kwa nini nimewaita. Alitikisa kichwa polepole, sikujua kama anakubali au amechoka. Kisha akaniuliza yule mama alimtajaje, alitumia neno gani hasa.

"Alisema anamtaka Fundi Taban," nikamjibu.

Akafumba macho.

"Sema tena."

Nikasema tena.